Mali Bila Daftari

Katika komini iitwayo Kenya, sehemu mojawapo ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo-Kinshasa, si mbali na soko, kuna ukuta mrefu wa matofali ya saruji ambao chokaa yake imeanza kubanduka. Umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba lupango huu, yaani kiwanja hiki, hauuzwi. Ndani hamna nyumba wala msingi. Kuna majani marefu, mwembe mmoja, na rundo la mchanga ambalo mvua za miaka kadhaa zimelilaza chini. Nje, mama mmoja ameegemeza meza yake kwenye ukuta huo. Anauza unga wa mahindi kwa meka, kipimo cha sokoni, mafuta kwa kikombe, chumvi kwa vifuko. Kila siku, kabla ya saa nne asubuhi, mtoza ushuru anapita, anachana kikaratasi chembamba kutoka kwenye kitabu chake na kupokea pesa. Mama anakikunja mara mbili na kukiweka chini ya sahani ya chumvi, mahali pa kuonekana, kwa sababu anajua kwamba baada ya huyo watakuja wengine.

Siku moja nilimuuliza kama anamjua mwenye lupango. Akasema: "Papa, mwenyewe hatuyamuonaka. Bamoja banasema ni mukubwa wa Kinshasa, bengine banasema eko ku Bulaya."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile, na kila ninaposikia mjadala wa dunia juu ya kuwatoza kodi matajiri wakubwa, linanirudia. Wataalamu wanabishania kiwango: asilimia moja, mbili au tatu. Kwetu Lubumbashi kiwango ni swali la mwisho. La kwanza ni jina. Serikali inamjua mama wa unga kwa sura, kwa meza na kwa saa anayofika. Mwenye ukuta haimjui, au inamjua na haimgusi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu mali kubwa imekaa bila daftari kwa makusudi, ili kodi isiifikie.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa namba rahisi. Tuseme tiketi ya kila siku ni faranga 500 na mama anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni faranga 150,000. Tuseme pia mtaji wake wote, yaani unga, mafuta, chumvi na meza yenyewe, ni faranga 150,000. Basi kila mwaka anatoa kiasi kilicho sawa na mali yake yote ya biashara. Mali yake inatozwa asilimia mia moja kwa mwaka, na bado hatujagusa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ambayo ipo nchini tangu Januari 2012 na ambayo anailipa bila kuiona anaponunua sabuni au vocha ya simu.

Sasa tumtazame aliye juu kabisa. Mwaka 2024 Brazili, ikiwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilimwomba mchumi Mfaransa Gabriel Zucman aandike ripoti kuhusu mabilionea. Alichokuta ni kwamba kodi wanayolipa, ukiilinganisha na mali yao, ni kama asilimia 0.3 kwa mwaka. Akapendekeza wasilipe chini ya asilimia 2 ya mali hiyo. Watakaoguswa ni watu kama 3,000 tu duniani kote, na kinachoweza kupatikana ni kati ya dola bilioni 200 na 250 kila mwaka. Pendekezo hilo dogo lilizua makelele makubwa. Huko Ufaransa wabunge walilipitisha Februari 2025, na Juni Seneti ikalikataa.

Najua mtu atanijibu kwamba tiketi ya soko ni malipo ya mahali na huduma, si kodi ya mali. Ni kweli kwa jina. Lakini mama huyu yuko nje ya soko, hana paa, hana choo, hana maji, na taka zake anazichoma mwenyewe. Mtu akitozwa kila siku kwa kuwa tu ana kitu mezani, kinachotozwa ni mali yake, hata kama kikaratasi kinasema vinginevyo.

Pendekezo la Zucman naliunga mkono. Hata hivyo mtu wa Lubumbashi analisoma kwa jicho jingine. Kodi ya aina hiyo hukusanywa na nchi anamoishi bilionea. Waliotajirika zaidi kwa shaba na kobalti ya Katanga, eneo letu hili, hawaishi Katanga. Kampuni ya Glencore, yenye migodi ya KCC na Mutanda karibu na Kolwezi, makao yake makuu yako Baar, katika jimbo la Zug huko Uswisi. Dunia ikikubaliana kesho juu ya hiyo asilimia 2, pesa itaingia Bern, Paris, Washington na Beijing. Itakayorudi Kolwezi na Likasi itategemea huruma, na huruma haijengi hospitali. Ndiyo maana nayafuata kwa makini mazungumzo ya mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu ushirikiano wa kodi, ambao nchi za Afrika ndizo zilizousukuma na ambao unatarajiwa kukamilika mwaka 2027. Suala la watu wenye mali nyingi kupindukia limo ndani yake. Wajumbe wetu wakienda huko wabebe hoja hii: mali ilipozaliwa napo pawe na haki juu ya kodi yake.

Hiyo Uswisi yenyewe, ambako shaba yetu inauzwa kwenye karatasi, inatoza kodi ya mali. Kila jimbo lina kiwango chake na kila mwaka raia anaandika alicho nacho. Norway inatoza tangu 1892, na huko orodha za kodi za raia zinaweza kutazamwa. Matajiri wapo katika nchi zote mbili, na kampuni pia. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kodi ya mali ni jambo la nchi zilizoshindwa kazi aeleze kwanza hizo mbili.

Turudi kwetu, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kodi ya mali tunayo. Imo katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ile inayosimamia kodi ya ardhi na majengo, kodi ya magari na kodi ya eneo la vibali vya migodi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, imeyapa majimbo mamlaka juu ya kodi ya ardhi, kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha na kodi ya magari. Yaani ufunguo hauko Kinshasa wala New York. Uko hapa Lubumbashi, mikononi mwa wabunge wa jimbo la Haut-Katanga na idara ya mapato ya jimbo.

Ubovu uko katika namna inavyohesabiwa. Msingi wa sheria ile, kwa nyumba za kifahari, ni mita za mraba na daraja la mahali. Kwa majengo marefu, ni idadi ya ghorofa. Thamani haiulizwi. Mfikirie mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliyebaki na nyumba yake ya zamani yenye uwanja mkubwa. Mabati yamepata kutu, dari imeingia maji, na kwenye maua ya zamani sasa amepanda mihogo. Pembeni yake tajiri amebomoa nyumba ya namna hiyohiyo akajenga jumba la marumaru lenye bwawa la kuogelea, mitambo ya umeme wa jua na jenereta linalonguruma usiku mzima umeme wa SNEL ukikatika. Daraja la mahali ni moja. Mita zikiwa sawa, hesabu ya kodi yao inakaribiana. Sheria hii haikuandikwa kwa ubaya. Mwaka 1969 haikuwa rahisi kupima thamani ya kila nyumba, na mita zilikuwa na unyofu wake. Lakini tangu wakati huo zimepita zaidi ya miaka hamsini, na katika miaka hiyo mali ya mji huu imehama mikono kuliko wakati wowote tangu ulipoanzishwa mwaka 1910.

Hapo kwenye kuhama mikono napenda nikae kidogo, kwa sababu wengi huona kodi ya mali kama wivu wa maskini juu ya jasho la mwenzao. Lipo jasho, sikatai. Namjua mwenye maduka aliyeanza na baiskeli moja ya makaa kwenye barabara ya Kasenga. Lakini tukumbuke Gécamines ilikuwa nini. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Ilikuwa baba na mama: shule, hospitali, unga wa mwezi, mpira wa Jumapili. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kampuni nzima ikaufuata. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na kila nyumba ya mji huu inajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Kisha mali yenyewe, yaani migodi, ikagawanywa. Jopo la Africa Progress Panel, lililoongozwa na Kofi Annan, lilichunguza mikataba mitano ya kati ya 2010 na 2012 ambamo migodi ya umma iliuzwa chini ya thamani kwa kampuni zilizoandikishwa ng'ambo. Likakuta kwamba nchi ilipoteza dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti ya afya na ya elimu ya mwaka mmoja zikijumlishwa.

Basi sehemu kubwa ya utajiri mkubwa unaotoka katika ardhi hii haukuzaliwa dukani. Ulizaliwa pale kitu cha wote kilipopewa bei ndogo, chumba kikiwa kimefungwa. Hata lupango la mjini lina asili ya namna hiyo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Mwenye ukuta wa Kenya amepewa na Taifa mahali ambapo thamani yake inapanda bila yeye kuweka tofali jipya. Inapanda kwa sababu barabara imetengenezwa, soko limekua, na mama wa unga anavuta wateja. Kumwomba arudishe sehemu ndogo ya kilichopanda si kumwibia.

Tuseme lupango hilo lina thamani ya dola 200,000. Asilimia moja ni dola 2,000 kwa mwaka. Kama anajenga, anapangisha au anafungua karakana, ataipata. Kama analiacha liote majani akingojea bei, kodi itamsukuma ajenge au aliuze kwa atakayejenga. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema kodi itawakimbiza wawekezaji. Pesa ya benki inaweza kulala Johannesburg au Dubai leo jioni. Lupango haliwezi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa.

Kuna hoja nyingine mbili, na hizi ndizo zinazoninyima usingizi.

Ya kwanza: pesa italiwa. Kila mtu anaisema, dereva, padri, mwalimu, na wote wana sababu. Tunaona magari mapya yakitangulia madawati ya shule. Sitamwambia mtu kwamba hofu hiyo ni ya bure. Lakini pesa ya mama inaliwa pia, leo hii, na hakuna anayesimamisha tiketi yake kwa sababu hiyo. Hoja ya kuliwa hutumika upande mmoja tu, kumkinga mwenye ukuta. Halafu kuna tofauti ya sauti. Mama akiuliza pesa yake imekwenda wapi, atatishiwa kunyang'anywa meza. Tajiri mwenye mwanasheria akilipa dola 2,000 na mtaro wa mbele ya lango lake ukabaki umeziba, ataandika barua, na barua yake itasomwa. Nataka wenye nguvu wawe na sababu ya kudai hesabu pamoja nasi. Sasa hawana, kwa kuwa hawamo kwenye hesabu.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 imetupa mfano. Ilipandisha mrabaha wa shaba hadi asilimia 3.5 na wa madini ya kimkakati, kobalti ikiwemo, hadi asilimia 10. Muhimu zaidi, iliandika ugawaji wenyewe: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au usultani (eneo la chifu) wa mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Si kwamba kila franka imefika salama. Ila mwananchi wa usultani wenye mgodi leo anaweza kusimama na kusema "15 yetu iko wapi?", na swali lake lina mguu wa kusimamia. Kodi ya thamani ya ardhi nayo ifanyiwe hivyo: sheria yenyewe itamke ni sehemu gani inabaki komini ilikokusanywa, na kiasi kilichoingia kibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya komini, avenyu kwa avenyu.

Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza na husemwa kwa sauti ya chini. Hapa Katanga tajiri mkubwa mara nyingi ni mwanasiasa, au rafiki wa mwanasiasa, au adui yake. Mkaguzi wa kodi amekuwa rungu. Anayekosana na wakubwa anaamkia mihuri kwenye milango ya kampuni yake. Anayepatana nao, deni lake linayeyuka. Watu wanauliza kama tunataka kuwapa watawala rungu jingine, kubwa zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kuona, kwenye biashara ya ndugu yangu, faini ikianza na tarakimu nyingi na kumalizika kwa bahasha ndogo. Sijasahau uso wake alipotoka katika ofisi ile.

Ndiyo sababu nashikilia ardhi na majengo kwanza, na ndiyo sababu nashikilia jedwali la bei. Kodi ya faida inahitaji mkaguzi afungue vitabu, abishane, akubali au akatae, na rushwa huishi katika kubishana huko. Bei ya mita moja ya ardhi kwenye avenyu fulani inaweza kuchapishwa mapema, sawa kwa wote wa avenyu hiyo. Mpinzani na mshirika wa gavana wakikaa jirani, watasoma namba moja. Ukimtoza mmoja na kumsamehe wa pili, avenyu nzima itaona. Nyumba ndogo ya familia iwe na msamaha wa wazi hadi thamani fulani, na mjane au mstaafu wa Gécamines aruhusiwe deni lake lingojee hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Tunayemtafuta ni mwenye malupango kumi, si mwenye moja.

Kumpata huyo kunahitaji daftari. Hati za usajili wa ardhi ziko kwa msajili wa hati, kwenye majalada ambayo raia wa kawaida hayafikii. Lakini tangu amri ya Mei 2011, mikataba ya madini inapaswa kuchapishwa ndani ya siku 60 baada ya kusainiwa. Kama mkataba wa mgodi wa mabilioni unaweza kuwekwa hadharani, jina la mwenye lupango la Kenya lina siri gani? Na Katiba imekwenda mbali zaidi ya tunavyodhani. Kifungu cha 99 kinamtaka Rais na mawaziri watangaze mali zao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka, na Mahakama iipelekee idara ya kodi tangazo hilo. Asiyefanya hivyo ndani ya siku thelathini anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Soma tena: ipelekwe kwa idara ya kodi. Walioandika Katiba walijua kwamba mali na kodi ni ndugu. Matangazo yale hatuyaoni, wala hatujui idara inayafanyia nini.

Wabunge wa jimbo wanakutana kwa kikao cha bajeti mwezi Septemba. Siombi wabuni kodi mpya. Naomba waiondoe mita waweke thamani, wafungue daftari la malupango ya mjini kuanzia mtaa wa Golf, katikati ya mji na maeneo ya viwanda, na kwa kila dola itakayoingia wapunguze tozo za kila siku za wauzaji wa mezani, hadi zifutike.

Nitakapoupata mswada nitatafuta kwanza mistari miwili: wa thamani ya ardhi na wa tiketi ya meza. Kama wa kwanza umepanda na wa pili haukushuka, nitaurudisha kwa mbunge wangu siku hiyohiyo, na kikaratasi cha mama nimekibana juu yake.